Damu inatajaje umri wa mtu?

Wakili_Mtarajiwa: Wakuu, Ujerumani tangu mwishoni mwa 2019 sheria inaruhusu polisi kukadiria umri wa mtu asiyejulikana kwa DNA aliyoiacha eneo la tukio. Si DNA ni ile ile tangu kuzaliwa?

Pipeti: Herufi za DNA (A, C, G, T) hazibadiliki, mkuu. Kinachobadilika ni vikundi vya methili, yaani vialama vidogo vya kikemia vinavyojibandika kwenye herufi C. Sisi wa maabara kipenzi chetu ni jeni ELOVL2: methili zake huongezeka kadiri mtu anavyozeeka. Tunaitia DNA kemikali iitwayo baisulfaiti. C isiyo na methili inageuka herufi nyingine, yenye methili inabaki C, tunapima asilimia. Ubaya wake, dawa hiyo hukatakata DNA, na doa dogo la damu halina ya kupoteza.

Wakili_Mtarajiwa: Kwa hiyo mtu anafungwa kwa hilo?

Pipeti: Thubutu! Kosa la wastani ni kama miaka 3 hadi 5, kwa wazee huzidi. Inapunguza orodha ya wanaotafutwa, basi. Na kanuni ya kukadiria umri kwa damu usiipeleke kwenye shahawa, utapata maajabu.

Mzee_Kijana: Sisi wavuta sigara je?

Pipeti: Nyie mna jeni lenu, AHRR. Kwenye methili zake sigara inaonekana hata ukikana.