Mwanamke mkulima: mlinzi wa mazingira au kibarua wa tabianchi asiyelipwa?

Naweka hoja hii mezani, na anayepinga aje na sababu. Mipango mingi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi vijijini humtaja mwanamke kwa heshima kubwa: mlinzi wa mbegu, mhimili wa kilimo, mama wa misitu. Kwenye orodha ya kazi pia yumo. Amwagilie vitalu, apande miti, atunze benki ya mbegu, ahudhurie mafunzo. Ukifika kwenye fungu la fedha, haonekani. Ninachosema ni hiki: mpango wa namna hiyo usiitwe haki ya tabianchi. Kama kutunza bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na viumbe, ni kazi yenye faida kwa umma, ilipwe, na anayeifanya awe na haki inayotambulika kisheria juu ya ardhi anayoitunza.

Wapo watakaonijibu kwamba mwanamke kwa asili yake yuko karibu na ardhi, kazi hiyo anaifanya kwa moyo, na kuingiza pesa ni kuiharibu. Hoja hii naiogopa kuliko ya mpinzani wa wazi, maana inakuja kwa sura ya sifa.

Mtazameni anayechagua mbegu ya mtama. Hasubiri mavuno yafike ghalani. Anaingia shambani masuke yakiwa bado yamesimama, anapita mstari kwa mstari akitafuta shina lililostahimili ukame bila kulala, na suke lililojaa huku ya jirani yake yamepwaya. Analifunga uzi lisije likachanganywa na la kuliwa. Baadaye analitundika juu ya moto, moshi ulikinge na fukusi, na aina inayokomaa mapema anaiweka mbali na ile inayochelewa, kwa sababu hajui mvua ya mwaka ujao itakuwaje. Mtafiti wa mbegu akifanya uchaguzi wa namna hii kituoni kwake, anapokea mshahara. Na pale ambapo kazi hii iko mikononi mwa wanawake, mara nyingi ni kwa sababu wao waliachiwa mazao ya chakula, huku mazao ya biashara na ardhi nzuri vikienda kwa wanaume. Huo ni mgawanyo wa kazi uliowekwa na watu. Asili haihusiki.

Tuwe waangalifu na takwimu pia, hasa sisi tunaowatetea wanawake. Ile ya kwamba wanazalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula tuiache. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lenyewe lilieleza mwaka 2011 kwamba haiwezi kuthibitishwa, na likakadiria kuwa wanawake ni asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea. Hatuhitaji kutia chumvi. Ripoti ya FAO ya 2023 inaonyesha kuwa kwa mashamba yenye ukubwa sawa, yanayosimamiwa na wanawake huzalisha pungufu kwa asilimia 24. Kinachowarudisha nyuma ni uhaba wa pembejeo, mikopo na huduma za ugani, pamoja na saa za kazi za nyumbani ambazo hakuna anayezihesabu. Mwaka 2024 shirika hilo likaeleza kwamba joto kali huzipunguzia kaya za vijijini zinazoongozwa na wanawake kipato kwa asilimia 8 zaidi ya zile zinazoongozwa na wanaume. Jua ni lile lile. Tofauti ni nani ana akiba, nani ana kisima, nani anakopesheka.

Kwa wanaodhani malipo yataua moyo wa kujitolea, nawakumbusha Wangari Maathai. Alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, wanawake walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche waliouotesha ukashika na kukua. Malipo yalikuwa madogo mno, lakini kanuni ilikuwa sahihi: unalipwa kwa mti ulio hai. Hadi anapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, harakati hiyo ilikuwa imepanda mamilioni ya miti. Moyo haukufa.

Pingamizi ninalolipa uzito ni la ardhi. Kuna wanaosema hati ya mtu mmoja mmoja huvunja ardhi ya pamoja, halafu benki au tajiri huinyakua. Ni kweli hutokea. Ila mara nyingi jibu linalotolewa ni kuacha mambo yalivyo, na "yalivyo" maana yake ni mjane kufukuzwa shambani baada ya mazishi. Ardhi ya pamoja inaweza kubaki ya pamoja, mradi mwanamke aandikwe kama mwanajumuiya kamili mwenye kura na urithi; na ya familia ibebe majina ya wanandoa wote wawili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ibara ya 14, umezungumzia mwanamke wa kijijini, ukitaja mikopo na kutendewa sawa katika mageuzi ya ardhi. Si dai jipya. Na biashara ya kaboni, ambapo wachafuzi wa hewa hulipia miti inayofyonza hewa ukaa, imelifanya liwe la haraka, kwa sababu mkataba wa malipo hayo husainiwa na mwenye haki juu ya ardhi, hata kama hajawahi kushika ndoo ya kumwagilia mche.

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Sharm el-Sheikh, Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na majanga ya tabianchi. Sasa nawauliza wanaosema haki ya ardhi isubiri kwanza tuokoe mazingira: mafuriko yakisomba shamba la mwanamke lisilo na jina lake popote, na msaada ukafika kijijini, orodha ya waliopoteza itaandikwa kwa ushahidi gani, na yeye atasimama mstari upi?