SPNKR au Spartan Laser: ipi iwekwe kilimani Valhalla?

Mpangaji_Uwanja: Wakuu, salamu. Jumamosi hii tutacheza mchezo wa video wa Halo 3 katika uwanja wake wa Valhalla, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuupanga kwa Forge, kihariri cha viwanja kilichomo ndani ya mchezo. Je, pale kilimani katikati niiache Spartan Laser iliyopo, yaani silaha ya mwali, au niiondoe niweke mtambo wa roketi wa SPNKR?

Nahodha_Buluu: Mkuu, hujatueleza mko wangapi, wala kama Banshee, vile vyombo vya kuruka, zitabaki. Zikibaki, fahamu kwamba roketi ya Halo 3 haikifuati chombo angani. Inakwenda ilikoelekezwa tu, na rubani mzoefu huiona ikija akaikwepa. Mwali wa Laser hufika papo hapo, ingawa ni lazima uishikilie kwa takriban sekunde tatu, huku mstari mwekundu ukiwaonyesha wapinzani ulipo.

Mama_Mitutu: Mimi nasimama na SPNKR. Ina mitutu miwili, yaani roketi mbili kabla ya kujaza tena, na huna haja ya kumlenga adui mwilini: ukipiga ardhi miguuni pake, mlipuko unamaliza kazi.

Mlinzi_wa_Kambi: Mlipuko huohuo ndio ulionitia hasarani, dada. Nilikuwa nikishuka kilimani na SPNKR, gari la wapinzani aina ya Warthog likanijia kwa kasi, nami kwa pupa nikafyatua lilipokuwa limeshafika karibu mno. Gari lilipinduka kweli, lakini mlipuko uliniua mimi pamoja na mwenzangu aliyekuwa na bendera tuliyoihangaikia muda mrefu, akiwa amebakiza hatua chache tu kuifikisha kambini. Tulishindwa kwa bao hilo moja. Tangu hapo sifyatui roketi nikiwa karibu na wenzangu.

Mama_Mitutu: Pole sana, ila kosa hapo ni umbali. Halo 2 ya mwaka 2004 ndiyo iliyoitendea haki silaha hii, kwa kuwa roketi yake ililifuata gari lililolengwa.

Nahodha_Buluu: Sikubali. Kulifuata gari kulimnyima dereva stadi nafasi ya kujiokoa, na kazi hiyo katika Halo 3 imepewa Missile Pod, silaha nzito ya makombora ambayo mbebaji wake hutembea polepole.

Mpangaji_Uwanja: Samahani kwa kuchelewa. Tuko wanane, na Banshee nimeziondoa.

Mlinzi_wa_Kambi: Basi swali kubwa ni muda wa silaha kurudi ikishachukuliwa. Umeweka sekunde ngapi?

Mama_Mitutu: Na umeipa roketi ngapi za akiba?