Balilipaka poda gazeti letu, sasa nani atalisoma?

Ba yaya na ba ndugu wa L'shi, Lubumbashi yetu, na ninyi ba Likasi na Kolwezi, leo sina salamu ndefu. Nimenunua numero mpya ya lile gazeti letu la kila mwezi (jina siliandike, bote munalijua na miye sitaki kesi), nimelifungua pale pale karibu na Posta, nikalifunga, nikalifungua tena nikifikiri muuzaji amenipa kitu ingine. Hapana, ni lenyewe. Ati sura mpya. Mukurugenzi amejaza ukurasa muzima kutueleza vile gazeti limekuwa la kisasa, na picha yake juu, anacheka. Anacheka nini?

Naanza na hesabu juu hapo njo banatudanganya mchana kweupe. Gazeti la zamani lilikuwa A4, kurasa 32. Hili la sasa ni A5, kurasa 48, na ku kifuniko bameandika kwa herufi za kupiga kelele kwamba kurasa zimeongezeka. Zimeongezeka wapi? Kamata karatasi ya A4 ikunje katikati mara moja, hiyo njo A5, milimita 148 kwa 210, nusu kamili. Kwa hiyo kurasa 48 za hii nusu ni kurasa 24 za zamani. Banatosha robo ya gazeti, banakuuzisha iliyobaki kwa bei ile ile, kiisha banangojea useme aksanti juu bamekuongezea! Mama wa ku soko ya Kenya, ile komine ya hapa L'shi, akikupunguzia unga mu kipimo walau anaangaliaka pembeni.

Na ile robo haikutoka ku matangazo, musijidanganye. Matangazo ya bia, ya telefone, ya viwanja vya kuuzisha, yote iko pale, moja moja ukurasa wake muzima. Kilichotoka ni cha shiye basomaji. Barua zetu zimeenda. Hadithi ya kuendelea imekatwa kipande. Bedé, ile hadithi ya michoro, haikutolewa lakini walau bangeitoa, juu bamekamata michoro ile ile ya ukurasa mukubwa bakaifinya iingie ku kale kanafasi, maneno mu midomo ya batu hayasomeke hata ukiliweka gazeti ku pua.

Tuje ku herufi. Nani alibaambia wino mweusi umepitwa na wakati?? Maandishi yote sasa ni kijivujivu, membamba, juu ya karatasi nyeupe ya kungaa. Hata mu intaneti, kule kwenye tunasemaka hakuna nidhamu, kuko kanuni ya batengeneza kurasa kwamba maandishi ya kawaida yapitane na rangi ya nyuma yake kwa mwangaza walau 4.5 kwa 1, juu batu bote baone, hata bale macho yamechoka. Kiisha safu. Zamani kila ukurasa ulikuwa na safu tatu, jicho linashuka pole pole. Sasa ni safu moja kutoka ukingo mpaka ukingo, herufi ndogo, nimehesabu mustari mumoja unapita herufi 90, wakati batu wa kazi ya kupanga maandishi banajua mustari wa kusomeka vizuri unachezea ku 45 mpaka 75. Ukimaliza mustari, kurudi kushika wa chini yake ni kutafuta njia mu giza, unasoma mumoja mara mbili, unaruka mwingine.

Na giza yenyewe si ya mfano. Kuran, ni kusema umeme, inakatika magharibi, bote munajua, tunasoma na tochi ya telefone ao na ile taa ndogo ya kuchaji ku jua. Karatasi ya zamani ilikuwa mbaya mbaya, ndiyo, ilikuwa inaacha wino ku vidole, lakini mwanga ulikuwa unakaa. Hii ya kungaa mwanga unaipiga unakurudilia usoni, inabidi ugeuze gazeti kushoto, kuume, uinamishe kichwa, batoto banacheka baba anacheza na nini. Wenye kulitengeneza balilitengeneza mu buro yenye klimatizeri na jenereta, hiyo inaonekana wazi.

Lakini kitu yenye inaniuma kabisa ni agrafi, vile vipini vya chuma vya kushika karatasi. Cheka kama unataka. Gazeti la zamani lilikuwa karatasi kubwa zilizokunjwa, zikashikwa na agrafi mbili ku mugongo, kwa hiyo zile kurasa mbili za katikati zilikuwa karatasi moja nzima. Unafungua agrafi na kisu, unatosha poster, unarudisha agrafi, gazeti linabaki zima. Batu wa umri wangu mu Kamalondo na Katuba balilelewa na hizo poster. Ile ya mwezi wa 12 mwaka 2010, wakati timu yetu Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuingia finali ya kombe la dunia la ma-klabu, na kipa Kidiaba anaruka ruka na matako ku majani, mpaka leo kuko ba kinyozi bameibandika juu ya kioo (finali yenyewe Inter Milan ya Italia ilitupiga 3-0, hiyo tuiache). Sasa bameweka kole, gundi. Mugongo wa kole, ati kama kitabu. Kurasa za katikati ni karatasi mbili mbalimbali, picha ya timu imekatika katikati na muchezaji wa kati kati uso wake umezama mu kole, ukivuta umuone mugongo unapasuka, kurasa zinaanza kutoka moja moja. Na hiyo ni sasa. Ngojeni joto ya mwezi wa kumi tuone hiyo kole itafanya nini.

Sasa hadithi. Ile hadithi ya kuendelea njo ilikuwa inauzisha gazeti, tusidanganyane. Mu numero hii inafika pale mwanamuke anagonga mulango, unageuza ukurasa, unakuta kale kamuraba ka vidoti (QR), upige picha na telefone uendelee ku intaneti. Barua za basomaji nazo ni hivyo hivyo, bamezihamishia mule.

Aba batu hawajue gazeti lao linasomwaka namna gani? Mu lupango letu, nyumba zetu za kiwanja kimoja, numero moja inanunuliwa na mutu mumoja, tunazungukana. Baba mwenye nyumba anasoma mupira, mama wa nyumba ya nyuma anakamata mapishi, batoto bedé, kiisha jioni mumoja anasomea kambo, muzee wetu wa lupango, hadithi kwa sauti, na majirani banavuta viti. Kisha linavuka barabara. Likirudi halina kifuniko tena, lakini limesomwa na batu kumi na zaidi. Kambo eko na telefone ya vidude vya kubonyeza, haina kamera ya maana, huo muraba ataupiga picha na nini? Na mwenye telefone kubwa naye anunue mega za intaneti, angojee rezo (mtandao) irudi, asome peke yake ku kioo, na wengine? Gazeti nimelipa falanga yangu, tena nilipe mega kumaliza sentensi!

Kiswahili nacho kimesukumwa nyuma. Ku katiba ya 2006, ibara ya kwanza kabisa, ni lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, ku gazeti letu imekuwa lugha ya kurasa za mwisho. Kifaransa mbele, picha kubwa, viti na mapazia ya batajiri.

Kuko mwenye atasema karatasi inatoka inje, dola inapanda, bafanye nini. Sawa, hiyo naielewa, na njo inaniongezea hasira! The Guardian la Uingereza lilipunguza ukubwa wake mwezi wa kwanza 2018, na mbele ya hapo bakubwa zake balisema wazi kwamba ni kupunguza gharama za uchapaji. Kumbe inawezekana. Mungetuambia tu, ba ndugu, makuta imekwisha, tunapunguza, tutoe nini tubakize nini? Tungejibu kwa barua. Ah, barua hakuna tena.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu. Wewe kijana wa Kampemba mwenye unaniita muzee, ati batu ba sasa banapenda vitu vizuri: kizuri ni sawa, miye pia napenda kizuri, lakini umesoma? Si kuangalia, kusoma. Niambie ku ukurasa wa 19 banasema nini kuhusu bei ya makala ya kupikia, kiisha tutaongea.

Yaya wa Ruashi umesema vizuri, tuandike barua moja ya karatasi, tutie sahihi bote, tuipeleke ku buro yabo kwa mukono. Tusiombe vyote, tuombe vitatu: wino mweusi, agrafi, na hadithi ikamilike mu karatasi. Jumamosi asubuhi nitakuwa mbele ya Posta na kalamu. Numero ya mwezi wenye kuja sinunue mpaka bajibu, wewe fanya vile moyo unakuambia.

Na bale banaoniandikia pembeni kuuliza kama nauzisha numero zangu za zamani: hapana. Hata ile ya 2010. Muache kuniuliza.