Nimekosana na mpishi wetu kazini sababu ya tipu, nifanyeje?

KijanaWaLangoni
Asalam aleikum wenzangu. Nafanya kazi gesti moja Shela, hapa Lamu, napokea wageni, nabeba mizigo, nawatembeza. Mwezi uliopita mgeni mmoja tulipoagana gatini Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, akaenda kupanda ndege alinitia elfu nne mkononi, mimi nikaona ni zangu nikanyamaza, kumbe asubuhi ile alishamwambia mpishi kwamba atatuachia kitu. Tangu hapo hanisemeshi. Chakula kikiwa tayari haniiti, anagonga mwiko mezani mara mbili halafu ananipa mgongo. Na huyu ni mtu mzima, ndiye alonifunza kazi, naumia kweli. Nimwendee vipi? Meneja bado hajui.

BintiMkomani
Waleikum salam. Mdogo wangu, mfuate kwake baada ya isha, si jikoni, jikoni kuna moto na masikio ya watu. Usianze na "mbona hunisalimii", anza na zile elfu nne, mwambie ulipewa ngapi, wapi na ulidhani nini, manake saa hii huenda kichwani mwake zishakuwa elfu kumi.

baharia_mzee
Sisi kwenye uvuvi chombo kina fungu lake, nahodha lake, kila baharia lake, na pesa zahesabiwa mbele ya wote, ndo mana watu hulala chombo kimoja siku kadhaa bila kushikana mashati. Nyinyi hamna mpango, kosa limeanzia hapo. Wekeni sanduku.

haki_kazini
Yamalizeni kabla hayajafika ofisini. Na meneja akijua akataka kukufuta, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 41 yasema lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akusikize, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako hapo. Sasa huyo mwenzako utamtoa wapi kama hamsemeshani?

KijanaWaLangoni
Shukran sana. Nimeenda jana, tukakaa barazani kwake nikampa elfu mbili. Kumbe pesa si kubwa kwake, siku ile aliamka saa kumi alfajiri kuwakaangia mahamri wale wageni wasisafiri na njaa, na mimi sikumtaja hata. Nimemuomba radhi. Akazitia mfukoni akaniuliza kama nishakula. Leo asubuhi ameniita kwa jina. Sanduku bado twabishana, yeye ataka dada wa usafi naye apate fungu sawa na letu, na nikifikiria naona ana haki.