Naomba ushauri: redio ya VHF (ya mawasiliano majini) ya kufunga au za mkononi, mtumbwi wa Kirumba–Ukerewe, Ziwa Victoria?

Wakuu, shikamooni. Mtumbwi ni wa mbao, mita 10, unabeba watu na mizigo. Redio mbili za mkononi za wati 5, au moja ya kufunga ya wati 25?

Wati peke yake hazitoshi, maana VHF huenda kwa mstari ulionyooka. Watu wawili walioketi mitumbwini, antena ikiwa mita 1 juu ya maji, husikilizana kilomita 8 hivi. Antena zote zikipanda mita 4, zinakaribia 16. Kwa hiyo nafikiria mlingoti kwanza.

Waya wa kutoka redio hadi antena ndio unanitatiza. Mita 10 za RG-58, ule mwembamba, hula zaidi ya theluthi ya nguvu. RG-213 hula chini ya robo, ila ni nene na ngumu kupinda. Mnaotumia, mnaupitishaje kwenye mbao bila kuuvunja?

Pia betri ya volti 12: ukibonyeza kuongea redio huvuta ampea 5 hadi 6. Ncha za waya zikishika ule ukungu wa kijani, redio inasikia vizuri lakini inazima ukibonyeza, tena siku ya dhoruba. Mnapaka nini? Grisi inatosha?

Na chaneli 16, ile ya kuitia msaada, nani huwa anaisikiliza usiku upande wa Nansio? Roho za abiria zinategemea jibu hilo.