Tupeane uzoefu: raketi ya umeme ya kuulia nzi na mbu, ndani ya nyumba na barazani

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salamu. Raketi za umeme za kuulia wadudu zimejaa kila mahali siku hizi, kuanzia maduka ya Kariakoo hadi mikononi mwa vijana wanaouza bidhaa kwenye foleni za magari, na kwa macho zote zinafanana: mpini wa plastiki, wavu wa nyaya na taa ndogo nyekundu. Tofauti hujitokeza ukishazifikisha nyumbani. Ninaomba kila mwenye uzoefu aeleze anaitumia wapi, dhidi ya mdudu gani, na ni kitu gani kilichoanza kuharibika, kwa sababu raketi inayomfaa mtu wa jikoni huenda isimfae anayebarizi nje jioni.

Nianze mimi. Kwangu raketi hufanya kazi zaidi mchana kuliko usiku. Usiku kuna chandarua, na mbu aenezaye malaria huuma zaidi watu wakiwa wamelala, saa ambayo hakuna wa kushika raketi. Lakini mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na jiji letu lilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo hupenda vifundo vya miguu, kwa hiyo nikiwa mezani huipitisha raketi polepole chini ya meza, karibu na sakafu, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Kwa kazi hiyo ninapendelea raketi nyepesi yenye kichwa chembamba na mpini mrefu, kwani yenye kichwa kipana hugonga miguu ya viti.

Fundi wa vifaa vya umeme, Morogoro

Mleta mada ameuliza kinachoharibika kwanza. Katika zile zinazoletwa kwangu ni betri, na mara chache huwa kitu kingine.

Raketi nyingi za bei nafuu, zile zenye plagi inayochomoza kwenye mpini, hubeba betri ya risasi na asidi ya volti 4. Betri hiyo ikiachwa tupu kwa muda mrefu hugoma kupokea chaji, na ikiachwa kwenye soketi usiku kucha hukauka, maana kwa kawaida raketi hizo hazina kifaa cha kukata umeme betri ikishajaa. Zinazotumia betri ya lithiamu ya volti 3.7, ambazo huchajiwa kwa waya kama wa simu, hukaa na chaji muda mrefu zaidi zikiwa kabatini, na ndizo ninazowashauri wateja wangu iwapo wanamudu tofauti ya bei. Zile za kuweka betri mbili za kawaida hazina usumbufu wa kuchaji, ila betri zikianza kuchoka mdudu huzimia tu, halafu baada ya muda huinuka na kuondoka zake.

Idadi ya volti iliyoandikwa kwenye boksi msiitegemee sana. Ndani ya mpini mna transfoma ndogo, diodi na kapasita ambazo hupandisha umeme wa betri hadi volti elfu moja na zaidi, mara nyingi elfu mbili au tatu. Umeme huo hauruki wenyewe kutoka wavu mmoja hadi mwingine; hungoja mwili wa mdudu uzibe pengo lililopo. Kwa hiyo kitu cha kukagua dukani ni pengo. Ishikeni raketi kwa ubavu, mtazame nafasi kati ya wavu wa nje na nyaya za katikati: ikiwa ni pana, nzi atanaswa lakini mbu atapenya akiwa mzima. Ikitoa cheche pasipo mdudu yeyote, basi kuna waya uliopinda au unyevu, na raketi ya namna hiyo irudisheni kwa muuzaji hapohapo.

Niseme na la soketi, kwa sababu linanikera. Soketi zetu ni za matundu matatu, na plagi ya raketi ni ya miguu miwili, hivyo watu huchokonoa tundu la juu kwa ncha ya kalamu au kijiti ili matundu ya chini yafunguke. Nunueni adapta, bei yake ni ndogo. Tena raketi ikiwa kwenye chaji msibonyeze kitufe wala kugusa nyaya, kwa kuwa katika nyingi za bei nafuu saketi ya ndani huwa imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani.

Mama mwenye genge la chakula, Tanga

Ahsante, kaka fundi. Mimi adui yangu ni nzi, mbu simjui sana kwa kuwa jioni nimeshafunga. Kabla ya raketi nilikuwa nikitumia fagio na kitambaa, na nzi alikuwa akihisi upepo wa kitambaa kabla hakijamfikia. Wavu wa raketi hausukumi upepo mwingi, ndiyo faida yake kubwa. Nzi akitua ukutani simpigi. Ninaisogeza raketi mbele yake bila pupa, naye akiruka huingia mwenyewe.

Ila nina masharti mawili, na wasichana wanaonisaidia wanayajua. La kwanza, raketi haipiti juu ya sufuria wala sahani iliyo wazi, kwa sababu nzi akipasuka vipande vyake hurukia chakula, na uchafu aliokuja nao kutoka jalalani huja pamoja navyo. Tunafunika chakula kwanza, kisha tunawinda. La pili, raketi haiwashwi karibu na mtungi wa gesi, na wala haitumiki chumbani mara tu baada ya kupuliza dawa ya kopo, kwa kuwa dawa hizo nyingi zinashika moto na raketi kazi yake ni kutoa cheche.

Kwa nzi mimi sikutafuta wavu wa karibu-karibu. Wavu wenye nafasi kiasi husafishika kwa urahisi, na mabawa hayang'ang'anii.

Mkaazi wa Nairobi

Wenzangu, hamjambo. Kwetu raketi hutumika zaidi nje, kwenye veranda, na mvua zinapoanza ndipo shida hujitokeza. Kumbikumbi huja kwenye taa kwa makundi, na raketi haiwezi kitu: wavu hujaa mabawa, cheche hukoma, na kifaa chenyewe huanza kutoa harufu ya kuungua. Siku hizo dawa ni kuzima taa tu.

Kisha kuna yule mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi ambaye sisi humwita Nairobi fly. Maji ya mwili wake ndiyo huchoma ngozi na kuleta malengelenge, kwa hiyo akitua shingoni au mkononi usimponde wala usimtafute kwa raketi. Mpulize, au mwache apande kwenye karatasi umtupe. Akishanaswa kwenye wavu, usiufute kwa kidole.

Raketi ya nje nayo isilazwe kwenye umande. Yangu huning'inia kwenye msumari ndani ya mlango.

Mzazi wa watoto wadogo, Mombasa

Kwangu cha kwanza kutazama wakati wa kununua kilikuwa nyavu tatu, mbili za nje zikikinga nyaya za katikati zisifikiwe na kidole cha mtoto, na swichi ya kusukuma iliyo mbali na kitufe, ili mtoto akibonyeza tu kisitokee kitu. Nyumbani kuna pia ile ya kusimamishwa kwenye kitako chake ikawa taa ya zambarau ya kuvuta wadudu. Asubuhi hujaa nondo na vidudu vya taa, mbu wachache mno. Mbu hufuata pumzi na jasho la mtu kuliko taa, kwa hiyo msiongeze pesa kwa ajili ya taa hiyo.

Mleta mada

Ninawashukuru. Kaka fundi, swali moja: betri ya risasi ikifa, naweza kuweka ya lithiamu mahali pake?

Fundi wa vifaa vya umeme, Morogoro

Hapana, ndugu yangu. Chaja iliyomo humo haikutengenezwa kwa ajili ya lithiamu, na betri hiyo ikizidishiwa chaji inaweza kuvimba au kushika moto. Weka ya volti 4 ya umbo lilelile. Na kabla hujafungua mpini, zima swichi, kisha gusanisha wavu wa nje na nyaya za kati kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki hadi usikie mlio. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya raketi kuzimwa.