Tupeane uzoefu: mliowahi kumaliza gemu mkaitoa kabisa, mlivukaje ile sehemu ya mwisho?

tanga_moja (mwenye uzi)

Wakuu habari za mida hii. Niko Mwanza, natengeneza gemu ya mashua ya tanga humu humu ziwani kwetu, Ziwa Victoria. Unaanza na mtumbwi pale Mwaloni Kirumba, unabeba mizigo ya watu, unasikia tetesi za visiwani, unakata kwenda Ukerewe, Ukara huko, taratibu unapata chombo kikubwa. Niko peke yangu, natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, maana ni bure na ukiuza hawakudai kitu. Demo, yaani kionjo cha gemu, ipo na watu wanaicheza vizuri tu. Shida imeganda hapo hapo kwenye demo, kila nikisema sasa naifunga naona kuna kisiwa sijaweka, mara mvua haijakaa sawa, mara jamaa kanishauri niongeze uvuvi, na ziwa lenyewe lina kilometa za mraba kama 68,800 ukisema uliweke lote utazeekea humo.

Naomba wenye uzoefu, iwe gemu, iwe app, iwe hata ulimsaidia mtu, semeni kilichowavusha. Tafadhali zile za "pambana mkuu" bakini nazo 😀

mtu_wa_foleni

Yangu ilikuwa ya kivuko, Kigongo kwenda Busisi, foleni ya malori, akina mama na samaki zao, abiria wanakugombeza ukichelewa. Juni 2025 daraja likafunguliwa, wajaribu wote wakaanza "mbona daraja halipo, mbona daraja halipo", nikakaa nikaanza kujenga daraja la kilometa 3 kwenye gemu ya kivuko, yaani fikiria huo wazimu. Bro wangu ambaye hata gemu hachezi akaniuliza, kwani hii stori yako ni ya mwaka gani? Nikaandika 2012 kwenye skrini ya kwanza, daraja nikalifuta, na mengine kibao yakajifuta yenyewe hapo hapo. Chagua mwaka mkuu, halafu kitu ambacho hakikuwepo mwaka huo hakikuhusu.

mjomba_nansio

Mwanangu mimi si mtu wa kompyuta, nimevua miaka mingi Ukerewe huku, ila mpwa wangu alikuwa anatengeneza kitu kama hicho chako akaja kunionyesha. Nikashika, nikaendesha, nikamwambia hii si mashua hii ni pikipiki. Upepo wake ulikuwa unatoka upande mmoja asubuhi mpaka usiku, na chombo kinaenda popote unapotaka. Sasa hapo safari iko wapi?

Huku kwetu usiku upepo unatoka nchi kavu unaingia ziwani, mwenye tanga anaondoka nao alfajiri, mchana ziwa linaurudisha kwa nchi kavu na wewe unarudi nao. Ukichelewa kuondoka umeliwa, utapiga kasia mpaka mikono ichubuke. Miezi ya Juni mpaka Agosti kusi inakaza, hiyo ni habari nyingine. Na tanga letu la pembe tatu haliendi kuutazama upepo usoni, lazima ubishe, unakwenda upande huu kidogo unageuka upande ule kidogo, na kila ukigeuka foromali, ule mti unaobeba tanga, inazungushwa mlingoti, na ukiizungusha vibaya upepo umekaza unaogelea. Kuna mtu anaendesha na kuna mtu anachota maji, wa kuchota maji ndiye mnayemsahau nyie vijana.

Halafu dagaa. Dagaa wanavuliwa siku za giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa. Mpwa wangu alipoweka saa ya upepo na mwezi akafuta zile kazi zake nyingi alizokuwa amewapa wachezaji, nenda kachukue hiki, peleka pale, sijui tafuta ufunguo. Alisema hazihitajiki tena, mtu anahangaika na kufika tu inatosha. Gemu yake aliimaliza. Kwa hiyo usiniambie unataka kuongeza visiwa, visiwa ulivyonavyo vinatosha, ongeza upepo.

tanga_moja

Mjomba shikamoo. Huyo anayechota maji sikuwa naye kabisa, naandika hapa.

dada_wa_mawimbi

Marahaba kwa niaba ya mjomba 😂

Mimi upande wa ufundi, kwa sababu nimeona gemu mbili za majini zinafia hapo. Mawimbi mengi siku hizi ni ya hesabu za Gerstner, unajumlisha mawimbi kadhaa maji yanaonekana yanapanda na kushuka. Poa. Ila hayo mawimbi yanachorwa na kadi ya picha, na mashua inaelea kwa hesabu za upande mwingine kabisa, sasa hesabu zikitofautiana hata sekunde kidogo utaona omo, ile pua ya mashua, limezama kwenye maji ambayo mashua yenyewe haijui kama yapo. Hesabu ziwe moja na saa iwe moja, pande zote mbili. Kuelea weka pointi chache chini ya chombo, kila pointi iulize maji yako juu kiasi gani ijisukume, inatosha, usijifanye Archimedes mwenyewe.

La pili ni sevu. Kwenye demo fupi hutaligundua. Mtu anasevu mashua iko juu ya wimbi, kesho anafungua gemu, wimbi halipo, mashua inadondoka inapinduka na mzigo wote, anakuandikia matusi. Tulipofika kwenye toleo kamili shida nyingi zilikuwa za namna hiyo. Sevu mahali, mwelekeo, mzigo na saa ya dunia yako, ukifungua itulize mashua kwanza kabla fizikia haijaanza. Na jaribu kwenye laptop ya chini kabisa unayoweza kuazima hapo mtaani, siyo yako.

nilishatoa_moja

Hela sasa, maana naona mnazunguka zunguka. Steam, lile duka la gemu za kompyuta mtandaoni, unalipa dola 100 kwa kila gemu, zinarudi gemu ikishaingiza dola 1,000. Ukishalipa unasubiri siku 30 ndo uruhusiwe kutoa, na ukurasa wako uwe wazi kwa watu angalau wiki mbili kabla. Wao wanachukua asilimia 30. Halafu kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, na kwa kuwa sisi Tanzania hatuna mkataba wa kodi na wao, fungu lako la mauzo ya wateja wa Marekani linakatwa asilimia 30 nyingine. Mimi hiyo niliijua mapema na bado iliniuma.

Hela inatumwa benki ikifika dola 100, ikiwa chini inalala mpaka mwezi mwingine. Jina kwenye fomu na jina la akaunti ya benki yafanane herufi kwa herufi, dogo mmoja tulikuwa naye jengo moja alikwama kwa ajili ya jina la kati.

Ila kitu kilichonivusha siyo hicho. Kuna Next Fest, ile wiki ya demo ya Steam, inakuja mara tatu kwa mwaka na gemu moja inaingia mara moja tu basi. Nilipojiandikisha tarehe ikawa siyo yangu tena. Visiwa vyote ambavyo havikuwahi tarehe vilibaki nje na hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kuuliza vilipo. Ingia ile ya mwisho kabla ya kutoa, usiichome mapema. Kumbuka pia mchezaji anaruhusiwa kurudishiwa hela akiwa amecheza chini ya saa mbili, ndani ya wiki mbili, kwa hiyo saa mbili za mwanzo ndo zipigwe msasa.

simu_tu

Wa simu je? Google Play, duka la app za Android, unalipa dola 25 mara moja, ila akaunti mpya ya mtu binafsi lazima uwe na wajaribu 12 waliokaa ndani siku 14 mfululizo ndo uombe kutoa. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu kuwabakiza watu 12 wa Mwanza kwenye kitu kwa siku 14, mmoja bando imeisha, mwingine simu imeibiwa, mwingine kafuta apate nafasi ya picha. Andikisha wengi zaidi.

mwana_wa_kirumba

Naomba niseme moja. Demo nimecheza, nzuri, ila kuna sehemu mtu anazamia meli iliyozama anatoa masanduku. MV Bukoba ilizama 1996 na MV Nyerere 2018 pale Ukara, watu wakafa, huku karibu kila nyumba inamjua mtu. Najua hukuzitaja, ila mtu wa huku anazisoma hivyo hivyo.

tanga_moja

Umesema kweli mkuu. Sehemu hiyo naitoa, na siweki kitu kingine pale.

Kwa hiyo mpaka sasa: ghuba ya Mwanza, Ukerewe na Ukara, basi. Mwaka nimechagua 1998, kabla ya simu kujaa, mtu apotee kihalali. Upepo wa usiku na mchana, mwezi, na mtu wa kuchota maji. Uvuvi nilitaka kuutoa…

dada_wa_mawimbi

Usiutoe wote. Taa za dagaa usiku ziache zionekane kwa mbali, mtu azitumie kujua alipo. Hizo ni taa tu, hazikugharimu kitu.

mjomba_nansio

Hapo dada amenena. Ila siku za mwezi mkubwa uzizime.

simu_tu

Bei ngapi sasa?

nilishatoa_moja

Dola 10 asishuke hapo.

mtu_wa_foleni

Dola 10 nani Mwanza atanunua??

nilishatoa_moja

Wa Mwanza atamwazima mwenzake laptop kama siku zote, soko liko nje huko. Weka 10, punguzo la wiki ya kwanza asilimia 10, tuendelee na upepo.